Barabara ni ya Nani?

Kadhia ya baiskeli na magari iliyozuka London mwaka 2020 yafaa kutazamwa nasi pia tukaao mijini. Maradhi ya korona yalipowatia watu hofu ya kubanana ndani ya mabasi na magari ya moshi, serikali ya Uingereza, mwezi wa Mei, ilitenga pauni milioni 250 ili njia za muda za baiskeli na za waendao kwa miguu zipatikane kwa haraka.

Katika Kensington High Street, barabara mashuhuri kwa maduka, zikasimikwa nguzo ndogo za plastiki kuwatenga wapanda baiskeli na magari. Wafanyi biashara wakalalamika kuwa msongamano umezidi na wateja watawakimbia. Wazazi nao wakasema kuwa watoto wao sasa wanakwenda shule kwa salama. Baada ya wiki saba tu, mwezi wa Disemba, halmashauri ya mtaa ikaziondoa.

Mimi siwalaumu wafanyi biashara. Riziki ni riziki. Lakini wiki saba ni muda gani wa kujaribia jambo? Hata mche wa mnazi hauhukumiwi kabla haujashika mizizi. Kilichowekwa kwa pupa kiliondolewa kwa pupa.

Chuoni tulifundishwa kwamba njia ina haki yake. Haki hiyo si ya mwenye gari peke yake, wala ya mwenye baiskeli. Yupo kipofu, yupo mtoto, yupo na mzee mwenye bakora. Hao ndio wa kuulizwa kwanza.