Miguu ya Kifaranga na Hasira za Jogoo

Joubert Park, bustani ya umma ya Johannesburg iliyopewa jina la Jenerali Piet Joubert, leo imezungukwa na majengo ya ghorofa wanamoishi wahamiaji wengi wa Kiafrika, wakiwamo wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo na Tanzania, na kwa hakika si mahali pa kufugia kundi la kuku. Hata hivyo, kuku hai si mgeni katika miji ya Afrika Kusini, kwa kuwa mashamba makubwa ya mayai huwauza wakiwa hai kuku waliopungua kutaga, biashara ambayo serikali iliisimamisha mwezi Juni 2017 baada ya kuzuka kwa homa ya mafua ya ndege aina ya H5N8, kisha ikairuhusu tena kwa sharti la usajili. Anayenunua kuku kwa ajili ya sufuria hana haja ya kumchunguza sana. Anayekusudia kufuga, iwe kwenye ua wa kitongoji cha Johannesburg au kijijini kwao, hana budi kuanza na miguu, kwa maana magamba laini huonyesha ujana, na nyayo hueleza ndege amelelewa juu ya nini.

Maradhi mengi ya miguu huanzia sakafuni, na mfugaji anayekimbilia dawa kabla ya kuitazama sakafu hupoteza fedha zake. Katika bruda, yaani chumba au boksi lenye joto la kulelea vifaranga, karatasi za magazeti zilizotandikwa peke yake huteleza, na kifaranga wa siku chache ambaye mishipa yake haijakaza huteleza nazo hadi miguu ikapanuka pande mbili, akashindwa kusimama. Maranda makavu humpa mahali pa kushika. Joto la wiki ya kwanza liwe kati ya nyuzi 32 na 35 za Selsiasi, likipunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki, ingawa vifaranga wenyewe ni kipimo bora kuliko chombo: wakirundikana chini ya taa wanaona baridi, wakiikimbia wanaungua.

Vidole vikijikunja kwa ndani na kifaranga akatembelea magoti, lishe ndiyo ya kushukiwa kwanza, hasa upungufu wa vitamini B2, ambao ukigunduliwa mapema hurekebishika kwa vitamini ya kuchanganya na maji, lakini ukiachwa huharibu neva kabisa. Hali hiyo isichanganywe na Mareks, ugonjwa wa virusi unaopoozesha, ambapo aghalabu mguu mmoja hunyooka mbele na mwingine nyuma. Huo hauna tiba, na chanjo yake hutolewa siku ya kuanguliwa. Kwa kuku wakubwa, magamba yanayoinuka na kuota ukoko mweupe ni kazi ya utitiri unaochimba chini yake, nao hukoseshwa hewa kwa kupaka mafuta mazito mara kadhaa, si kwa mafuta ya taa, ambayo huunguza ngozi. Uvimbe wa wayo wenye kigaga cheusi katikati ni jambo jingine: bakteria aina ya stafilokokasi huingia kupitia jeraha dogo la waya, jiwe kali au kuruka kutoka kwenye kichanja kirefu, na usaha wake hugandamana kiasi kwamba kuloweka mguu katika maji ya chumvi husaidia tu palipo na uvimbe mchanga. Uliokomaa ni wa daktari wa mifugo, na anayeushika avae glavu.

Baada ya miguu, tabia nayo yataka kuchunguzwa. Pora, yaani jogoo kijana asiyekomaa, huanza kubadilika tabia karibu na umri wa miezi minne au mitano, homoni za kiume zinapopanda. Mwanasayansi wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba kuku hupangana kwa ngazi za kudonoana, na jogoo anayemrukia binadamu mara nyingi humwona kama mshindani katika ngazi hiyo. Mbegu nayo ina sehemu yake: kuchi wa Tanzania, mrefu wa shingo na miguu, anajulikana kwa ugomvi, na wapo wanaomfuga kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo uchaguzi ufanywe kabla kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, hakijawa silaha. Jogoo wa kubakizwa ni yule anayewaita majike anapoona chakula na kuwaachia wale kwanza, huku akimpisha mlishaji; jogoo mmoja wa aina hiyo hutosha majike wapatao 10. Anayeshambulia watoto apelekwe jikoni bila huruma nyingi, kwa kuwa ukali wake hurithiwa kwa sehemu na wana wake.