Msianze na Kadi ya Rangi

Kikundi kikikutana kupanga ukarabati wa ukumbi wake, robo saa ya kwanza hutosha kujua kazi itakwendaje. Mwenyekiti akifungua kikao kwa kusambaza kadi ya rangi kutoka dukani, basi tena. Mmoja atataka bluu ya bahari. Mwingine ataikataa kwa kuwa ni rangi ya timu asiyoishabikia. Wa tatu atanyamaza kimya, kisha atalalamika nje ya kikao. Mwisho watapiga kura na ukuta utapakwa krimu, kwa sababu krimu ndiyo rangi ambayo hakuna aliyeichukia vya kutosha kuipinga.

Krimu yenyewe haina ubaya. Ubaya uko kwenye swali. "Mnapenda rangi gani?" ni swali la kumuuliza mtu anayepamba chumba chake cha kulala. Kikundi kinachotaka jengo litakalodumu, lisilokula umeme mchana, lisilomdhuru mtoto na lisilodai kupakwa upya kila mwaka, kina maswali mengine ya kujibu kwanza. Yakishajibiwa, kadi yenye rangi mia mbili hubaki na kama nane hivi za kubishania. Hapo ladha ya kila mtu ina nafasi yake, wala haiwezi kuharibu kitu.

Swali la kwanza: ni vitu gani haviondoki? Katika majengo mengi ya jumuiya huku kwetu sakafu ni ya saruji iliyosuguliwa, ama ya kijivu ama nyekundu ya oksidi ya chuma. Milango ni ya mninga au mkongo iliyopigwa vanishi. Madirisha yana nondo. Hizo tayari ni rangi, na sakafu nyekundu ina nguvu kuliko chochote mtakachonunua kwenye kopo. Nimesikia vikundi vikipanga kuivunja ili viweke vigae vyeupe "viendane na mazingira". Vifusi hivyo vitatupwa mahali, na vigae vipya vitalazwa juu ya saruji nyingine, ambayo kiwandani huiva kwenye joto la kama nyuzi 1450. Hakuna ukuta wa kijani utakaolipa deni hilo. Ibakizeni sakafu, kisha mtafute rangi za kukaa nayo. Nyeupe yenye umanjano kidogo hutulia kando ya wekundu huo, ilhali nyeupe yenye ubluu huonekana baridi, na kijani chochote huonekana kikali kuliko kilivyokuwa dukani.

Mfano mzuri wa kuanzia na kilichopo uko Kayonza, mashariki mwa Rwanda. Kituo cha wanawake kilichosanifiwa na ofisi ya Sharon Davis na kukamilika mwaka 2013 kilijengwa kwa matofali ya udongo ambayo wanawake wenyewe waliyafinyanga pale pale. Kuta ziliachwa bila lipu, kwa hiyo rangi kuu ya jengo ni ile ya udongo wa Kayonza uliochomwa. Haihitaji brashi, na haichuji. Mkoa huohuo ndio nyumbani kwa imigongo, michoro ya kinyesi cha ng'ombe inayopakwa nyeupe, nyekundu na nyeusi zitokanazo na udongo na mimea. Wachoraji wa asili walikuwa na rangi chache mno, na ubunifu wao wote ukaenda kwenye umbo la mistari. Mimi huona huo ndio ugawaji bora wa ugomvi katika kikundi: rangi ziamuliwe na mahali, watu wabishane juu ya nakshi.

Swali la pili ni la mwanga, na hili lina uzito kuliko yote. Ukuta huakisi sehemu ya mwanga unaoupiga na kumeza uliobaki. Nyeupe safi huakisi zaidi ya asilimia 80, nyeusi huakisi kama asilimia 5, na rangi nyingine zote zimo katikati. Kiwango cha Ulaya cha mwanga wa sehemu za kazi, EN 12464-1, kinapendekeza dari iakisi asilimia 70 hadi 90, kuta 50 hadi 80, na sakafu 20 hadi 40. Hatulazimiki kukifuata, lakini ni kipimo kizuri cha kuchujia kadi. Watengenezaji wengi huichapa namba hiyo karibu na jina la rangi, au muuzaji anaweza kuitafuta. Rangi ya ukutani iliyo chini ya 50 iondoeni mezani, isipokuwa kwa kipande kidogo, maana itawafanya muwashe taa saa nane mchana.

Mafundi wa Lamu walilijua hili bila namba. Nyumba za mawe za mji wa kale, ambao umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, zina vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Vyumba hivyo hufuatana kimoja nyuma ya kingine, na mwanga huingia kutoka kiwandani tu, ule ua ulio wazi juu. Ili ufike chumba cha kwanza, msana wa tini, upite cha pili, msana wa yuu, uingie mpaka ndani kabisa, kila ukuta lazima uusukume mbele. Chokaa nyeupe kwenye kuta na kwenye safu za zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ilifanya kazi hiyo. Wageni wengi huutazama weupe ule kama pambo, na kweli unapendeza, lakini ni chombo cha kazi.

Kabla ya kuamua, simameni pia mlangoni mtazame nje. Uwanja wa udongo mwekundu hurusha mwanga wa joto hadi darini. Mwembe mkubwa mbele ya dirisha hugeuza ukuta mweupe kuwa wa kijani-kijani kuanzia asubuhi hadi jioni. Na kwa sisi tulio karibu na ikweta, jua halikai upande mmoja. Dar es Salaam mwezi wa Juni hupita kaskazini, Desemba hupita kusini, hivyo chumba kilichokuwa baridi kwa macho mwezi wa Julai kinaweza kuwa kikali sikukuu ya Mwaka Mpya.

Sasa niitetee rangi inayodharauliwa kuliko zote: ule mkanda wa rangi ya mafuta, wa kahawia au kijivu, unaopakwa chini ya ukuta hadi kifuani katika shule na zahanati zetu. Wabunifu vijana wanauita "wa hospitali" na jambo la kwanza wanalotaka ni kuufuta. Lakini uchafu wa ukuta haujagawanyika sawa. Mikono, migongo ya viti, mifagio na mipira ya watoto hugusa mita moja na kidogo ya chini, juu ya hapo ni vumbi tu. Ukuta uliogawanywa mara mbili hukuruhusu kuosha au kupaka upya sehemu ya chini peke yake, na nusu ya juu ikabaki nyeupe, ikaendelea kurusha mwanga. Tatizo la mkanda ule limekuwa uchaguzi hafifu wa rangi. Ichukueni kutoka kwenye sakafu au mlango, muifanye nyepesi kidogo, na hamtaikumbuka tena hospitali.

Swali la tatu ni rangi yenyewe imetengenezwa na nini. Hapa neno "asili" hutumika ovyo, kwa hiyo tuende taratibu.

Chokaa ni mawe ya matumbawe au mawe ya chokaa yaliyochomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi, kisha yakazimwa kwa maji. Ikipakwa ukutani hunyonya hewa ya ukaa na kurudi polepole kuwa jiwe, ndiyo maana haibanduki kama ngozi, na ukuta unaendelea kutoa unyevu. Kwa nyumba za mawe za pwani hiyo ni afya. Lakini inachorudisha ni gesi iliyotoka kwenye jiwe, hairudishi moshi wa kuni. Tanuu linalochomwa kwa magogo ya mikoko na matumbawe yaliyochimbwa ufukweni halina uendelevu wowote wa kujivunia, hata kama mfuko umeandikwa maneno matamu. Ulizeni imechomwa wapi na kwa kutumia nini. Jueni pia kwamba chokaa haishiki juu ya ukuta uliokwisha kupakwa rangi ya maji ya dukani au ya mafuta, na majengo yetu mengi yako hivyo. Kwa ukuta mpya au uliokwanguliwa mpaka lipu, ni chaguo zuri: ipakwe nyembamba, mikono mitatu au zaidi, juu ya ukuta uliolowanishwa, na fundi avae miwani na glavu kwa sababu inaunguza.

Chokaa yenyewe pia hupunguza mabishano. Ukali wake huua rangi nyingi za kiwandani. Zinazovumilia vizuri ni oksidi za chuma, yaani manjano ya udongo, nyekundu, kahawia na nyeusi. Tena huwezi kuongeza nyingi, kwani ikizidi kama sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa, ukuta utaacha unga kwenye nguo. Kwa hiyo utapata rangi pole za udongo, ukitaka usitake. Msiihukumu ikiwa mbichi, maana ikikauka huwa nyepesi zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye ndoo.

Wanaonunua rangi ya maji wanapaswa kujua kwamba weupe wake hutokana na titani dioksaidi, ambayo mara nyingi ndiyo sehemu yenye mzigo mkubwa wa kaboni ndani ya kopo. Malighafi yake si ngeni kwetu. Kaunti ya Kwale ilichimbwa mchanga wenye ilmenaiti kuanzia mwaka 2013 hadi mwishoni mwa 2024, ukasafirishwa ng'ambo. Hilo lisiwafanye mkimbilie rangi za giza, kwa sababu umeme mtakaowasha utakula faida. Liwafanye mnunue kiasi kinachohitajika tu.

Na madini ya risasi. Chembechembe za kromati ya risasi zilitumika kwa miaka mingi kutengeneza manjano, machungwa na nyekundu kali, hasa katika rangi za mafuta, zile zile tunazopenda kupaka madarasa ya chekechea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kikomo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kwa rangi ni sehemu 90 katika milioni. Dai la mdomo la muuzaji halitoshi. Kopo lionyeshe hivyo, au mwacheni nalo. Ukuta wa zamani wenye rangi hizo usipigwe msasa mkavu, kwani vumbi lake ndilo sumu. Ulowanisheni kwanza, na watoto wakae mbali.

Baada ya hapo leteni kadi mezani. Lakini msichague kwenye kadi. Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul aliwekwa kusimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, akakuta malalamiko kwamba rangi nyeusi ni hafifu. Alipoichunguza aligundua nyuzi nyeusi hazina kasoro. Zilionekana hafifu kwa sababu ya rangi zilizopakana nazo. Kitabu chake cha mwaka 1839 kimejengwa juu ya jambo hilo. Ndiyo sababu wanakikundi wawili hugombana juu ya kijivu kimoja, mmoja akikiona kina zambarau na mwingine kijani. Wote wawili wanasema kweli, ila wamekiona mahali tofauti.

Pakeni basi vipande vya hadibodi vyenye upana wa mkono, mikono miwili ya rangi, na kila kimoja kipewe herufi badala ya jina. Jina kama "Alfajiri ya Serengeti" hupata kura ambazo rangi haikustahili. Visimamisheni juu ya sakafu ile ile, kando ya mlango ule ule, mvitazame asubuhi, alasiri, na usiku chini ya taa mtakazotumia kweli, kwa sababu taa ya Kelvini 2700 na ya 6500 hazikubaliani hata kidogo. Kisha badala ya kila mtu kutaja anachopenda, kila mtu aondoe kimoja na aeleze kwa nini. Mkishabaki na vitatu, vipigeni picha ya simu isiyo na rangi. Kama mlango, ukuta na ngazi zimeungana kuwa kijivu kimoja, mzee mwenye macho dhaifu hataviona, wala mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani.

Zaidi ya rangi tatu sishauri, na sababu yangu ni ya stoo. Kila rangi huacha kopo lililobaki nusu, na rangi sita ni makopo sita yatakayoganda. Hesabu yenyewe si ngumu. Ukumbi wa mita 8 kwa 6, wenye kimo cha mita 3, una mita za mraba 84 za ukuta. Toeni 14 za milango na madirisha, zinabaki 70. Kwa mikono miwili ni 140, na lita moja ikifunika mita 10 kwenye ukuta laini, mnahitaji lita 14. Fundi atasema ishirini. Muulizeni sita zinakwenda wapi. Makopo ya rangi moja yachanganywe kwenye ndoo kubwa kabla ya kuanza, kwa kuwa matoleo ya kiwanda hutofautiana, na brashi zioshwe kwenye ndoo mbili, si kwenye mtaro.

Kazi ikiisha, katibu aandike nyuma ya mlango wa stoo, kwa kalamu isiyofutika: kampuni, namba ya rangi, aina ya mng'ao, tarehe na ukuta uliopakwa. Ufa ukitokea miaka kadhaa baadaye, fundi atanunua kopo la lita moja na kuuziba, bila kupaka ukumbi mzima.