Zana Ndogo za Kifaa cha Kusikia

Aina moja ya kifaa cha kusikia hukaa nyuma ya sikio. Huikuza sauti na kuipeleka sikioni kwa mrija.

Katika kijiji cha Otse, nchini Botswana, mafundi viziwi waliunda vifaa hivi miaka ya 2000. Betri zake zilichajiwa kwa jua. Zana za kazi hii ni ndogo: bisibisi nyembamba, kibano, kioo cha kukuzia na chuma cha kulehemu. Mkono ukitetemeka, kazi imeharibika. Lakini viziwi wengi huzungumza kwa mikono, nayo imezoea kazi ya makini.

Je, kifaa cha mtoto wako kimenyamaza? Usikitupe kabatini. Atakaaje darasani bila kumsikia mwalimu? Mara nyingi betri imekwisha, au uchafu wa sikio umeziba tundu. Badili betri kwanza. Kisha chomoa kipande kinachoingia sikioni pamoja na mrija wake. Kioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kikauke usiku kucha. Kifaa chenyewe kisiguse maji hata kidogo! Kipanguse kwa kitambaa kikavu. Usikichokonoe kwa mwiba wala pini. Kikiendelea kunyamaza, mpelekee fundi mwenye kibano na chuma cha kulehemu.