Nusu ya nyumba iliyopanda bei: Somo la Iquique kwa mwekezaji mdogo

Na Mwandishi Wetu

MTU mwenye fedha kidogo anayetaka nyumba mjini hukabiliwa na swali moja popote alipo duniani. Je, ajenge nyumba nzima mbali na soko, au apate kipande cha nyumba karibu na soko? Wengi huchagua nyumba nzima kwa sababu inaonekana kwa macho. Wasanifu majengo vijana nchini Chile walichagua kipande, na hesabu yao inafaa kutazamwa na kila msomaji wa ukurasa huu anayeweka akiba yake katika tofali na saruji.

Ofisi yao inaitwa ELEMENTAL. Chimbuko lake ni mazungumzo kati ya msanifu Alejandro Aravena na mhandisi Andrés Iacobelli walipokuwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati huo Aravena, aliyezaliwa mwaka 1967, alikuwa na miaka thelathini na kitu. Jaribio lao kubwa la kwanza lilikuwa eneo la Quinta Monroy katika mji wa Iquique, kaskazini mwa Chile.

Iquique ni bandari yenye eneo huru la biashara lililoanzishwa mwaka 1975. Bidhaa na magari yaliyotumika hushushwa hapo na kuuzwa hadi Bolivia na Paraguay. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Dubai ataelewa upesi mji wa namna hiyo: anayekaa katikati yake hakosi kibarua, kibanda au mteja.

Katikati ya mji huo, familia karibu 100 zilikuwa zimevamia kiwanja cha nusu hekta na kuishi humo kwa miaka 30. Serikali ilitaka kuwapatia makazi halali. Njia ya kawaida ingekuwa kuwapeleka nje ya mji, huko jangwani, ambako ardhi ni rahisi. Safari hii iliamuliwa wabaki palepale.

Hesabu ngumu

Ruzuku ilikuwa dola 7,500 za Marekani kwa familia. Fedha hizo zilitakiwa kununua ardhi, kuleta maji, umeme na barabara, na kujenga nyumba. Bei ya kiwanja ilikuwa mara tatu ya ile ambayo miradi ya nyumba za watu maskini huweza kulipa.

Wasanifu walikaa na wananchi wakapiga hesabu mezani. Nyumba moja kwa kila kiwanja ingetosha familia 30 tu. Nyumba za safu zilizobanana zingefikisha 66. Ghorofa refu lingetosha wote, lakini nyumba ya ghorofani haiongezeki. Aravena amesimulia kwamba wananchi walilikataa ghorofa hilo na kutishia kugoma kula.

Jibu lililopatikana lilikuwa hili: nyumba moja chini, nyingine ya ngazi mbili juu yake, na nafasi wazi kati ya jengo na jengo. Wa chini anapanuka kuelekea uani, wa juu anapanuka kujaza nafasi iliyoachwa. Hivyo familia 93 zilipata makao katika nusu hekta, zikizunguka nyua nne za kundi la familia 20 hivi. Nyumba zilikamilika mwishoni mwa mwaka 2004.

Kila familia ilikabidhiwa takriban mita za mraba 36 tu, zinazoweza kupanuliwa hadi kiasi cha mita 70. Kwa maneno mengine, ilikabidhiwa nusu ya nyumba. Swali la kibiashara ni nusu ipi.

Nusu ngumu

ELEMENTAL ilijenga ile nusu ambayo fundi wa mtaani na mwenye nyumba hawaiwezi vizuri peke yao: msingi, nguzo, kuta za kutenganisha jirani na jirani, ngazi, jiko, bafu na mabomba. Vyote vilipimwa kwa nyumba itakavyokuwa ikikamilika. Kujaza chumba kati ya kuta mbili imara ni kazi ambayo familia inaweza kuifanya kidogo kidogo, kadiri fedha inavyopatikana. Kabla ya kuhamia, wananchi walipewa mafunzo ya namna ya kupanua bila kuharibu jengo.

Ushirikishwaji huo haukuwa wa kukusanya maoni tu. Watu walielezwa fedha zilizopo, kisha wakaulizwa nini kitangulie. Mfano anaoupenda Aravena ni huu: fedha zikitosha kitu kimoja tu, hita ya maji au beseni kubwa la kuogea, familia huchagua beseni. Mtaalamu angefikiri kinyume. Lakini familia hizo haziwezi kulipia gesi kila mwezi, na hita ingeuzwa mapema. Kupanga ni kuchagua, na anayelipa ankara ndiye ajuaye kuchagua.

Matokeo yake? Kwa mujibu wa ofisi hiyo, nyumba iliyogharimu dola 7,500 ilikuja kuthaminiwa kwa zaidi ya dola 20,000. Sehemu ya ongezeko hilo ni jasho la wenye nyumba waliopanua. Sehemu nyingine ni mahali: ardhi ya katikati ya mji haichakai kama gari.

Haya hayakosi kasoro. Vyumba vilivyoongezwa havilingani kwa ubora, na baadhi ya watu walipanua kupita mpango hadi kumega nyua za pamoja. Wakosoaji wanauliza pia kama ni haki serikali kumpa maskini nusu ya nyumba na kumwachia mzigo wa nusu nyingine. Swali hilo ni la haki, hasa kwa mjane au mzee asiye na nguvu ya kujenga.

Pamoja na hayo, mtaji ulivutiwa. Kampuni kubwa ya mafuta ya Chile, COPEC, iliingia ubia na ofisi hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Chile. Mwaka 2016 Aravena alipata tuzo ya Pritzker, ambayo ni kubwa kabisa katika usanifu majengo, na mwaka huohuo ofisi yake ikatoa bure michoro ya miradi yake minne.

Kwetu, kujenga kidogo kidogo si jambo geni. Viwanja vya Sinza, Dar es Salaam, vilitolewa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na watu wakajenga wenyewe. Leo Sinza ni mtaa wa biashara ambao kila mpangaji wa duka anajua kodi yake.

Basi msomaji unayetaka kuanza, jiulize mambo manne kabla ya kununua tofali la kwanza. Kiwanja kiko karibu na riziki? Hati ni yako? Msingi na kuta zitabeba nyumba utakayokuwa nayo baada ya miaka kumi? Na jirani mmekubaliana mwisho wa mpaka? Ukikosa jibu la moja kati ya hayo, hata nyumba nzima inaweza kukutia hasara.