Uturi wa Bara Hindi na Mti Unaoubeba

Msomaji aliyepata kupita katika vichochoro vya mji wa kale wa Mombasa, au Lamu, bila shaka ameona dukani vile vichupa vya kioo vilivyo vidogo kama kidole gumba. Mwenye duka huondoa kizibo, akachovya kijiti, akampaka mnunuzi kidogo nyuma ya kiganja. Harufu ile hukaa mchana kutwa, na wakati mwingine hata kesho yake kanzu bado inanukia. Ndani ya kichupa hamna spiriti. Ni mafuta matupu. Wengine huyaita mafuta mazuri, na wengine huyaita uturi. Wahindi nao husema attar, na majina haya mawili ni ndugu, kwa kuwa yote yametoka katika lugha ya Kiarabu.

Baadhi ya vichupa hivyo hutoka India. Twataka kueleza hapa uturi wa kweli hutengenezwa kwa vitu gani huko, na kwa nini siku hizi ni vigumu sana kuupata. Maana sababu ya ugumu huo imefika mpaka katika vilima vya Kenya.

Mji wa uturi ni Kannauj, katika jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini ya India, karibu na mto Ganges. Katika karne ya 7 palikuwa makao ya mfalme Harsha, lakini leo ni mji mdogo tu, na sifa yake iliyobaki ni harufu. Kazi yenyewe ni kukeneka, yaani kuchemsha maji pamoja na maua, kisha kuupoza mvuke hata ugeuke kuwa maji tena.

Fundi wa Kannauj hana mitambo mingi. Analo sufuria la shaba nyekundu liitwalo deg, na mengine ni makubwa hata huchukua zaidi ya kilo 100 za maua. Hutia maua na maji, akafunika, akaziba ukingo wa kifuniko kwa udongo uliochanganywa na pamba ili mvuke usipenye. Kutoka kifunikoni hutoka mwanzi uliozungushiwa kamba, ukashuka mpaka katika chombo cha pili cha shaba, chenye tumbo la duara na shingo ndefu. Hicho huitwa bhapka, nacho hukaa ndani ya birika la maji baridi. Chini ya deg huwashwa moto wa kuni au wa mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa.

Kipimajoto hakuna. Mtunza moto hukaa karibu, akisikiliza mvuke unavyopita, na mara kwa mara hutia mkono majini na kupapasa bhapka ajue imejaa kiasi gani. Moto ukizidi, maua huungua na kazi ya siku nzima hunuka moshi. Chombo kikijaa, hupoza deg kwa nguo zilizoloweshwa, mvuke ukome kwa muda, akaweka bhapka nyingine. Kazi hii hurithiwa, na kijana hukaa miaka mingi kando ya mzee kabla ya kuachiwa moto peke yake.

Sasa lipo jambo ambalo mgeni hawezi kuliona kwa macho. Bhapka haiwekwi tupu. Ndani yake fundi hutangulia kutia mafuta ya msandali. Mvuke wa maua ukiingia na kupoa, maji hujitenga chini, na harufu huingia katika mafuta. Kesho yake maji yale humwagwa tena katika deg juu ya maua mapya, na mafuta ya msandali hubaki palepale yakingoja harufu nyingine. Huendelea hivyo siku baada ya siku, pengine majuma mawili au zaidi, mpaka mafuta yameshiba. Ndipo hutiwa katika viriba vidogo vya ngozi ya ngamia, ili unyevu uliosalia upenye kidogo kidogo kwenye ngozi, mafuta yabaki peke yake.

Kwa nini msandali na si mafuta ya nazi au ya ufuta? Kwanza, mafuta ya msandali ni mazito na hayaruki upesi hewani. Kwa hiyo huishika harufu ya ua ambayo ingetoweka katika muda wa saa moja. Pili, hayaozi wala hayachachi kama mafuta ya chakula. Tatu, yenyewe yana harufu ya upole isiyoligombeza ua. Ua ni msemaji, na msandali ni yule aliyemkalisha kitini.

Waridi ndilo linalopendwa kuliko maua yote. Huchumwa alfajiri kabla ya jua kupanda, kwa sababu jua likipanda harufu hupungua. Uko pia uturi wa waridi usiotiwa msandali, ambao ni mafuta ya ua lenyewe. Lakini kilo moja ya mafuta hayo huhitaji kilo 3,000 hadi 5,000 za maua, na bei yake si ya mtu wa kawaida. Mfalme Jahangir, aliyetawala India tangu mwaka 1605 hata 1627, ameandika katika kitabu cha maisha yake kwamba mama wa mkewe, Nur Jahan, alikuwa akitengeneza marashi, akaona utando wa mafuta ukielea juu ya maji ya moto. Akaukusanya kidogo kidogo. Tone moja likipakwa kiganjani, asema mfalme, baraza zima hunukia. Naye akamtunza bibi huyo mkufu wa lulu. Wako wanaosema kwamba jambo hilo lilijulikana kabla yake, lakini hadithi ya mkufu ndiyo iliyodumu.

Watu wa pwani yetu wataufurahia mmea mwingine, nao ni mkadi. Kama vile mabibi wa Mombasa na Lamu wanavyolipenda ua la mkadi, ndivyo walivyo watu wa wilaya ya Ganjam, katika jimbo la Odisha, mashariki ya India. Wao huuita kewda. Ua linalotakiwa ni la mkadi dume, nalo hukatwa mapema asubuhi na kupelekwa mbio kwa fundi, kwa kuwa harufu yake haingoji. Maji ya kewda hutiwa pia katika wali wa karamu na katika vitu vitamu.

Si maua tu. Ziko nyasi ziitwazo khus, ambazo mizizi yake huchimbwa kandokando ya mito. Wahindi husuka mizizi hiyo iwe pazia, wakalitundika dirishani wakati wa joto na kulinyunyizia maji. Upepo ukipita huingia ndani umepoa na unanukia. Mafuta ya mizizi hiyo yakikenekwa katika shaba hugeuka rangi ya kijani. Nyasi hizo hupandwa Kenya pia ili kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Hata ndago, ile magugu inayowatesa wakulima, ina jamaa yake huko India iitwayo nagarmotha, ambayo mizizi yake hutiwa katika uturi wa mchanganyiko pamoja na hiliki, karafuu, kungumanga na zafarani. Uturi huo wa mchanganyiko huitwa shamama, na kila nyumba ya ufundi ina siri yake ya vipimo, ambayo haiandikwi.

Lakini kinachostaajabisha kuliko vyote ni uturi wa udongo. Kila mtu aliyekulia shamba aijua harufu ya matone ya kwanza ya mvua juu ya ardhi iliyokauka. Wafundi wa Kannauj huitia harufu hiyo katika chupa. Mwezi wa Mei na Juni, kabla ya mvua kubwa, vipande vya udongo vilivyochomwa kidogo hutiwa katika deg pamoja na maji, vikakenekwa kama maua, na mafuta ya msandali yakipokea kama kawaida. Mwaka 1964 wataalamu wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliandika maelezo ya harufu hiyo. Walieleza kwamba wakati wa ukame mafuta fulani hukusanyika katika mawe na udongo, na unyevu unapokuja hutoka hewani. Wakakumbuka kutaja kwamba mafundi wa India walikuwa wameishaifanyia biashara. Mwandishi wa makala haya huona kwamba hakuna manukato mengine duniani ambayo mkulima na mfalme wangeyafahamu sawasawa.

Udi nao haufai kusahauliwa, kwani ni nani hajaunusa katika chetezo arusini? Hutoka katika mti uotao Assam na nchi za mashariki yake. Mti wenye afya hauna harufu ya maana. Ukiumizwa na kuingiwa na kuvu, hutoa utomvu mweusi wa kujikinga, na sehemu hiyo iliyougua ndiyo udi. Kwa kuwa haijulikani kwa kutazama tu ni mti upi wenye udi ndani, wachumaji waliangusha mingi bure, hata mwaka 1995 biashara ya mti huo ikawekewa masharti na mataifa. Miski ya paa dume wa milima ya Himalaya haina nafasi tena katika biashara halali ya India, kwani sheria ya mwaka 1972 inamlinda mnyama huyo.

Tumekwisha kuona kwamba maua hurudi kila mwaka, na udongo haupungui. Msandali haufanyi hivyo. Mti huo hauwezi kustawi peke yake. Mizizi yake hushikamana na mizizi ya miti mingine na kunyonya chakula humo. Mafuta yamo katika moyo wa mti na katika mizizi, na huhitaji miaka mingi, kama 30 hivi, ili moyo uwe mzuri. Kwa hiyo anayeukata leo anavuna alichokiacha baba yake.

Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, aliutangaza kuwa mti wa mfalme, na serikali zilizofuata zikashika vivyo hivyo: msandali ni wa serikali hata ukiota katika shamba la mtu. Mwaka 1916 serikali ya Mysore ilianza kukeneka mafuta yake yenyewe, vita vilipokuwa vimekata biashara ya magogo na Ujerumani. Sheria ile ilikusudiwa kuulinda mti, lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa. Mkulima hakupata faida ya kutosha kwa mti ulioota kwake, bali alipata taabu ya kuulizwa ulipoibwa. Basi aliyeuona mche shambani mwake alikuwa na sababu ya kuung'oa ukiwa mdogo. Ugonjwa wa majani nao uliua miti mingi, na wezi wakamaliza mingine. Mmoja wao, Veerappan, alijificha msituni miaka mingi hata alipouawa na polisi mwaka 2004. Jimbo la Karnataka lilibadili sheria mwaka 2001, na Tamil Nadu mwaka 2002, ili mwenye shamba awe mwenye mti. Miche ikapandwa, lakini miaka ya kungoja haipunguzwi na sheria.

Huko Kannauj bei ya mafuta ya msandali ilipanda hata mafundi wengi wakashindwa. Sasa bhapka nyingi hutiwa mafuta ya parafini yaliyosafishwa, yasiyo na rangi wala harufu. Si yale ya taa, ila ni ndugu zake. Uturi wa namna hiyo hunukia vizuri unapofunguliwa, kisha huondoka mapema. Msandali wa kweli hutumiwa kwa wale wanaoagiza na kulipa.

Msandali wa India ulipoadimika, wafanya biashara walitafuta mti mwingine wenye mafuta ya kufanana nao, wakauona Afrika Mashariki. Mti huo ni Osyris lanceolata, nao Wamaasai huuita olosesiai. Ni mti mdogo wa vilima vikavu na vya mawe, na watu wa Kenya wameutumia tangu zamani kwa dawa na kwa kutia katika supu. Nao pia hunyonya mizizi ya jirani zake. Ulianza kung'olewa kwa wingi Samburu, Baringo na kwingineko, ukasafirishwa ng'ambo, India ikiwa mojawapo ya nchi zilizoupokea.

Mwaka 2007 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake. Mwaka 2013, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Bangkok, ilikubaliwa kwamba msandali wa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Ethiopia usivushwe mpaka kwenda nchi nyingine bila hati ya serikali. Hata hivyo malori yamezidi kukamatwa usiku yakiwa na magogo yaliyofunikwa kwa bidhaa nyingine. Mwenye kuuchimba mlimani hulipwa sehemu ndogo sana ya bei inayotolewa ng'ambo.

Ubaya zaidi umo katika namna ya kuuvuna. Mti huu ukikatwa juu ya ardhi huweza kuchipua tena. Lakini mafuta yamo mizizini, na kwa hiyo wachimbaji huchukua kila kitu, shina na mizizi, wakaacha shimo. Tena miti ya kike na ya kiume ni mbalimbali, na wachimbaji hupendelea ya kike, ambayo ndiyo izaayo mbegu.