Umeacha Chipsi, Mbona Tumbo Bado Linajaa?

Umeacha chipsi, umeacha soda, na kwenye droo ya ofisini sasa kuna zabibu kavu, tende na embe kavu. Safi sana! Lakini mbona ikifika jioni tumbo limejaa kama ngoma, na usiku unajibanza pembeni mwa kitanda ukiogopa gesi isije ikakuumbua mbele ya mpenzi wako?

Mambo yako hivi: tunda likikaushwa, maji hutoka, sukari hubaki. Kilo moja ya zabibu kavu hutokana na kilo 4 hivi za zabibu mbichi. Sasa ukichota kiganja baada ya kiganja huku macho yako kwenye kompyuta, unakuwa umekula zabibu za mtu na nusu!

Kwa wengi haina neno. Ila kwa mwenye tumbo nyeti, hasa mwenye tatizo ambalo madaktari huliita IBS, kuna aina za sukari zinazomtesa. Hazifyonzwi vizuri kwenye utumbo mwembamba, huvuta maji, na zikifika utumbo mpana bakteria huzichachusha. Hapo ndipo gesi inapozaliwa. Tende zina fruktani, plamu kavu zina sorbitoli, embe lina fruktosi nyingi. Kundi hilo linaitwa FODMAP, jina lililotolewa mwaka 2005 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia.

Ufanyeje basi?

• Usile kutoka kwenye pakiti. Pima kijiko kimoja cha chakula cha zabibu kavu, kisha funga pakiti.

• Usichanganye. Leo zabibu, kesho embe. Vyote kwa pamoja ni mzigo.

• Wakati wa kufuturu, anza na tende moja. Si lazima umalize kisahani.

• Usijinyime maisha yako yote. Mlo huu hufuatwa wiki 2 hadi 6, kisha vyakula hurudishwa kimoja kimoja. Muone mtaalamu wa lishe akuongoze.

Ukiona damu chooni, au unakonda bila sababu, hilo si suala la zabibu tena. Wahi hospitali.

Na mwenzio mwambie ukweli. Ukikaa kimya anaweza kudhani umemchoka, kumbe ni tumbo tu!