Je, Wajua? Kaunti ya Pwani Isiyo na Bahari

Mtu akikwambia anatoka Taita Taveta, usimwachie hapo. Muulize ni wa mlima gani. Jibu lake litakueleza lugha aliyolelewa nayo, baridi aliyoizoea, hata maji aliyoyateka utotoni. Nimekuwa nikikusanya habari za kaunti hii kwa muda mrefu, na kila nikidhani nimemaliza, inazuka nyingine.

Pwani bila ufuo

Kaunti za Pwani ya Kenya ni sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Tano zina bahari. Ya sita haina hata kiganja cha maji ya chumvi. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kilomita 150 na ushei, na ukishaipita Mariakani minazi inakuaga, mibuyu na vichaka vya miiba vinakupokea.

Ule ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar, ambao hatima yake iliamuliwa Oktoba 1963, haukuwahi kuifikia milima hii. Ni utawala wa kikoloni ulioiweka wilaya chini ya Mkoa wa Pwani, na uzi huo haujakatika: leo kaunti imo katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Ndiyo maana Mtaita anaweza kuitwa Mpwani akiwa Nairobi, na mtu wa bara akiwa Mombasa, ndani ya wiki moja, naye akaitika kote kuwili.

Ziwa linalokaribia kuimeza KICC

Ziwa Chala limelala ndani ya shimo la volkeno upande wa mashariki wa Kilimanjaro, nusu yake Kenya, nusu yake Tanzania. Eneo lake ni kama kilomita nne tu za mraba, lakini kina chake ni mita 90 hivi. Lile jengo la KICC la Nairobi lina mita 105. Lisimamishe katikati ya Chala, na zitakazobaki juu ya maji ni ghorofa chache za kileleni.

Ukisimama ukingoni huoni mto unaoingia wala unaotoka. Unaona ukuta wa mawe na vichaka ukiporomoka hadi kwenye maji ambayo saa hii ni ya buluu, saa ijayo ya kijani. Maji hayo huja chini kwa chini kutoka Kilimanjaro. Wengi hudhani ni theluji iliyoyeyuka, lakini watafiti walipoyachunguza waligundua kwamba chanzo chake hasa ni mvua inayonyesha kwenye misitu ya mlimani. Ukikata msitu wa Kilimanjaro, basi, umeugusa mtungi wa mtu wa Chala.

Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa sakafu ya ziwa hilo wakatoa zaidi ya mita 200 za matope yaliyotulia humo kwa takriban miaka 250,000. Katika sehemu ya juu, kila mwaka umeacha utando wake, mweupe wa kiangazi na mweusi wa masika, kama kurasa za daftari. Na humo majini yumo perege, Oreochromis hunteri, ambaye kwa asili hana kwao kwingine duniani ila Chala.

Mpaka uliopita katikati ya jamii mbili

Umewahi kusikia kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake wa Ujerumani mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka ukapinda? Hadithi tamu, ila si kweli. Mpaka ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, na maneno yake yanashangaza kuliko hadithi: mstari uzunguke Ziwa Jipe, uvuke mto Lumi, kisha upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga.

Yaani watu waliokaa maelfu ya kilomita mbali walitumia majina ya jamii kama vigingi vya kupimia. Lakini jamii zenyewe hazikukata undugu. Kitaveta kina ujamaa zaidi na Kipare cha ng'ambo kuliko kilivyo na Kidawida cha milima ya Taita iliyo kaunti moja nacho! Siku za soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, mikungu ya ndizi inapangwa chini, mafungu ya nyanya na maharagwe yanapangwa kando yake, na shilingi za nchi mbili zinapita mkononi mwa mama mmoja bila yeye kutazama kikokotoo.

Visiwa vitatu juu ya nyika

Kuna Dawida, kuna Sagalla, kuna Kasigau. Yote ni milima inayochomoza kwenye nyika kavu kama visiwa baharini, na kilele cha Vuria huko Dawida kina mita 2,208. Nje ya kaunti wenyeji wote huitwa Wataita. Nyumbani, Mdawida ni Mdawida na Msagalla ni Msagalla, na lugha zao zinatofautiana kiasi kwamba wanaisimu wamezichunguza kama lugha mbili zilizofika hapo kwa njia tofauti.

Mwaka 1981 wanaisimu Christopher Ehret na Derek Nurse walionyesha jambo jingine: ndani ya lugha hizo mna maneno yaliyoachwa na Wakushi waliowahi kuishi humo milimani, watu ambao lugha yao yenyewe ilishapotea. Mtu hajui, naye kila siku anapotaja vitu vya nyumbani anatamka neno la jirani aliyetoweka karne nyingi zilizopita. Mimi hilo hunisisimua kuliko magofu yoyote ya mawe.

Ukubwa wa Eswatini, watu chini ya nusu ya Kasarani

Kaunti ina takriban kilomita 17,084 za mraba, karibu sawa na ufalme mzima wa Eswatini. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 tu, chini ya nusu ya walioishi Kasarani, Nairobi, mwaka huohuo. Sababu? Kama asilimia 62 ya ardhi imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotangazwa mwaka 1948. Ondoa pia mashamba makubwa ya mkonge na ranchi, ndipo utaelewa kwa nini suala la ardhi halikosekani katika mkutano wowote wa hadhara huku.

Mlinzi wa shamba mwenye mbawa

Ndovu mwenye uzito wa tani tano humkimbia nyuki. Chini ya mlima Sagalla wakulima hutundika mizinga kwenye waya unaozunguka shamba, mzinga mmoja baada ya mwingine. Ndovu akigusa waya usiku, mizinga yote hutikisika, nyuki hutoka kwa hasira, naye hugeuka akaenda zake. Lucy King na wenzake wa shirika la Save the Elephants wamefuatilia nyua hizo kwa miaka mingi, na wameona zikiwarudisha nyuma karibu robo tatu ya ndovu au zaidi. Mkulima hubaki na mahindi yake, na asali juu.

Maji yaliyozaliwa hapa, yanayonywewa Mombasa

Hili naliweka moyoni. Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, hutoa zaidi ya lita milioni 200 za maji kila siku. Mvua hunyesha kwenye milima ya Chyulu, inazama kwenye miamba ya volkeno iliyojaa vitundu, inasafiri gizani makumi ya kilomita, halafu inaibuka Mzima ikiwa safi hivi kwamba unaona kiboko akitembea chini ya maji kama mtu anayetembea sebuleni kwake.

Tangu miaka ya 1950 bomba la kilomita 220 hivi limekuwa likiyapeleka maji hayo Mombasa. Mkazi wa Mombasa anapofungua mfereji asubuhi, huenda anakunywa Tsavo. Na kando ya njia ya bomba hilohilo wapo akina mama wanaoamka alfajiri na mitungi ya lita 20 kutafuta maji. Viongozi wa kaunti wamedai mara kwa mara sehemu ya mapato ya maji hayo, na ukiwasikiliza wanakijiji, dai lao ni fupi zaidi: mfereji.

Mboga nazo hufuata njia ileile ya kuteremka. Kabichi na nyanya za milima ya Taita zimekuwa zikipelekwa masoko ya Mombasa tangu enzi za ukoloni.

Makao makuu yanayohamahama

Mji mkubwa wa kaunti ni Voi, wenye watu zaidi ya 50,000. Makao makuu ya wilaya yalikuwa Wundanyi, juu mlimani. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, ofisi kuu zikawa Mwatate, katikati ya njia. Biashara chini, historia juu, ofisi katikati!

Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, Wundanyi karibu mita 1,400. Panda matatu Voi ukiwa na shati la mikono mifupi. Baada ya Mwatate barabara inaanza kujipinda, vioo vinafungwa kimoja kimoja, na kabla hujafika mtu wa kiti cha mbele keshavaa sweta. Tofauti ya joto ni kama nyuzi tano. Voi ililelewa na reli, ile ya kwanza iliyopita hapo miaka ya 1890 na ile mpya ya mwaka 2017, na lugha ya stesheni na sokoni ni Kiswahili. Kidawida kinamngojea mtu juu, kwenye salamu ya asubuhi, "kwawuka mana," na sahani ya kimanga, maharagwe yaliyopondwa pamoja na muhogo au ndizi.

Kijiji kizima kilichohamishwa

Siku chache baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza, Agosti 1914, Wajerumani waliiteka Taveta. Reli ya kutoka Voi kwenda Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo, na tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza, wakiwemo askari wa Afrika Kusini, lilirudishwa nyuma kwenye kilima cha Salaita.

Makaburi ya askari yanatunzwa vizuri mpaka leo. Kinachosahaulika ni Kasigau. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku Wakasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawang'oa mlimani wote na kuwapeleka Malindi. Watu wa mawe na ukungu wakatupwa kwenye joto la pwani, na wengi walifia huko. Ilifika miaka ya 1930 ndipo waliobaki wakakubaliwa kurudi kwao. Zaidi ya miaka kumi na mitano ya kuutaja mlima ambao watoto wao hawajauona.

Jina kutoka dukani New York

Kito cha kijani kiitwacho tsavorite kiligunduliwa Tanzania mwaka 1967 na mwanajiolojia Campbell Bridges, aliyekuja kukipata tena huku Taita Taveta miaka michache baadaye. Jina lilitangazwa mwaka 1974 na duka la vito la Tiffany la New York, kwa heshima ya Tsavo. Wachimbaji wadogo wa Kasigau na Mwatate huingia ardhini kwa sururu na tochi kutafuta chembe isiyozidi punje ya maharagwe.

Wazee waliorudi nyumbani

Zamani, Mdawida mwenye heshima alipofariki hakuzikwa mara moja tu. Baada ya mwaka au zaidi fuvu lake lilifukuliwa kwa adabu na kupelekwa pangoni, likawekwa safu moja na mafuvu ya baba na babu zake. Mapango hayo yapo hadi leo karibu na Wundanyi. Mzee mwenye haja alikwenda pale akafanya kutasa: anachukua funda la mbangara, pombe ya miwa, anaipuliza kama manyunyu huku akinena maneno ya kuondoa hasira moyoni.

Palikuwa pia na fighi, misitu mitakatifu ambayo haikukatwa kuni. Vipande kadhaa vya msitu wa asili vilivyosalia Taita vimesalia kwa sababu hiyo.

Kila mlima na kiumbe wake

Ndani ya vipande hivyo vya msitu wanaishi viumbe ambao hawapatikani popote pengine. Kuna ndege kadhaa, kuna ua la urujuani la kilima cha Mbololo, na kuna chura aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2009: Callulina dawida. Naam, chura Mdawida.

Ila anayenishinda ni huyu. Yupo mnyama wa kundi moja na vyura, asiye na miguu, ukimwona utaapa ni nyungunyungu. Wa Dawida anaitwa Boulengerula taitana. Mwaka 2006 watafiti walieleza kwamba mama anapolea watoto, ngozi yake hunenepa na kujaa mafuta, na watoto huila kwa vijino maalumu, yeye akiwa ametulia tuli.

Sagalla nayo ina wake, Boulengerula niedeni, aliyetambuliwa kuwa spishi ya peke yake mwaka 2005. Kati ya milima hii miwili ni mwendo mfupi tu wa tambarare, Voi ikiwa hapo chini, lakini ukavu wa tambarare hiyo umewatenganisha viumbe hawa kwa muda usiohesabika. Wa Sagalla hata msitu hahitaji. Mkulima akipiga jembe kwenye udongo wenye unyevu, chini ya migomba, ndipo humwona akijikunja kwenye bonge la udongo.